Pedali ya Mwalimu

Kila aliyekuwa kwenye machimbo ya kokoto siku ile alilicheka gari lao lilipoingia. Wenzao walileta magari yaliyong'olewa viti vya nyuma, milango imechorwa miali ya moto. Wao walileta gari la shule ya udereva: dogo, jeupe, la kawaida kabisa, linalovutwa na magurudumu ya mbele, na juu ya paa kile kibao cha kuwaonya watu kwamba anayeendesha bado anajifunza. Mwandalizi wa mashindano aliwauliza kama wamepotea njia. Binti aliyekuwa kwenye usukani akamjibu kwamba wamefika penyewe.

Binti huyo shangazi zake walimpa jina la Chachu, maana tangu mdogo akiingia mahali mambo hayalali. Pembeni yake, kwenye kiti cha mwalimu, alikaa baba yake, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Taratibu kwa kuwa hilo ndilo neno analomwambia mwanafunzi tangu anapowasha gari mpaka anapozima. Mbele ya mguu wake kulikuwa na pedali ya pili ya breki, ile ya kuwaokoa wasiojua. Watu walisema mguu ule hauna usingizi. Chachu mwenyewe alikua akimwona baba yake amelala kwenye kochi mchana, anakoroma, na kila lori linapopita nje mguu unakanyaga.

Shule ilikuwa inakufa. Upande wa pili wa mji walifungua nyingine yenye magari mapya, na wanafunzi, kama binadamu wengine wote, wanapenda kipya. Chachu alikuwa na wazo lake: gari la wanaojifunza likiwapita wababe wa vumbi mbele ya halaiki, nani ataenda kwingine? Baba alisema hilo ni wazo la mtu asiye na kazi. Kisha asubuhi moja kabla ya mashindano akamsindikiza machimboni ili amwonyeshe hatari kwa vitendo, na yeye mwenyewe ndiye aliyenasa.

Gari la namna ile lina tabia mbaya kwenye udongo. Ukiliingiza konani kwa kasi, pua haitaki kugeuka. Linakwenda mbele tu kama punda aliyeona kwao. Wenzao waliitibu tabia hiyo kwa kuvuta breki ya mkono. Lakini asubuhi ile Chachu alipoingia kona ya kwanza bila kuachia mafuta, baba aliona mauti, akakanyaga pedali yake. Mafuta yakavuta mbele, breki ikakamata nyuma, mkia ukazunguka wenyewe, na gari likatoka konani limenyooka kama uzi. Walisimamisha, wakatazamana. Halafu mzee yule, ambaye maisha yake yote aliwakemea vijana kwa mwendo, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Rudia," alisema.

Tangu hapo wakawa dereva mmoja mwenye miguu ya watu wawili. Binti alishika mafuta na usukani, baba alishika breki, na neno la kuwaunganisha lilikuwa moja: sasa. Chachu hakuwahi kuwa karibu na baba yake namna ile. Alikuwa akiona jinsi mzee anavyoinamisha kichwa kila wanapokaribia kona, macho kule chini miguuni, akadhani anaangalia miguu ya dereva kama mwalimu yeyote.

Siku ya mashindano kicheko kiliisha mapema. Gari jeupe lilipita kona za mwanzo kibao kikitetemeka juu ya paa, na waliokuwa wakicheka wakaanza kuulizana yule binti ni nani. Magari yalikuwa yakiachiwa moja baada ya jingine, na vumbi la lililotangulia lilikuwa halijatua. Vumbi jingine liliingia kwa dirisha la baba, ambalo miaka yote halifungiki mpaka juu. Ndani kulikuwa kama ndani ya gunia la unga. Chachu hakujali. Kona ya mwisho aliijua hata akifumba macho. Ilikuwa na watu wengi kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kivuli. Akashika mafuta, akageuza usukani.

"Sasa," alisema.

Hakuna kilichotokea.

"Baba, sasa!"

Pua ikakataa. Katika ile pumzi moja Chachu alitupa macho upande wa baba, chini, na alichokiona kilimganda machoni. Mguu wa baba ulikuwa umekanyaga. Ulikanyaga kwa nguvu zote, paja limekaza, goti linatetemeka. Lakini ulikuwa umekanyaga sakafu, pembeni ya pedali. Na uso wa baba ulikuwa shwari, uso wa mtu aliyekwishafanya sehemu yake na anangoja gari litii.

Chachu alipokumbuka breki yake mwenyewe walikuwa wameshavuka mstari wa mawe. Watu walitawanyika huku na huku. Gari lilipanda rundo la kokoto, likafikiria kidogo, likalala ubavu.

Vumbi lilipotua waliwatoa wote wawili wazima, baba na mkwaruzo kwenye muundi, Chachu na mdomo uliojaa mchanga. Gari lilipoinuliwa ndipo kiti cha plastiki kilipoonekana chini yake, kimekuwa vipande. Mwenye kiti, mama mmoja mnene, alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Alikuwa ameinuka kumpisha mwenzake kivulini, wakawa bado wanabishana kwa adabu nani akae. Sasa hakuna aliyekuwa akibishana. Mama yule aliokota kipande kimoja cha kiti, akakigeuza, akakigeuza tena, kisha akakaa mchangani.

Chachu alianza kumwendea. Alimsikia baba yake akisema, "Breki imekataa."

Fundi wa mashindano aliingiza mkono, akaisukuma pedali, mara ya kwanza, mara ya pili. Akatazama mpira, akatazama mafuta ya breki. Akasema breki ile ni nzima kuliko yake nyumbani. Watu wakamgeukia Bwana Taratibu. Mzee alivua miwani akaifuta kwa shati lenye vumbi, ikazidi kuchafuka.

"Basi ni binti," alisema. "Alizidisha mafuta. Ujana."

Mtu mmoja nyuma akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na watu wakacheka, kicheko kile cha waliokuwa wameogopa. Chachu alimtazama baba yake. Baba alikuwa akiitazama miwani. Mzazi hakosolewi mbele za watu. Hilo binti alilinyonya pamoja na maziwa. Akafunga mdomo, akaenda kwa yule mama mnene, akapiga magoti mchangani na kumwomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Yule mama alimkabidhi tu kile kipande cha plastiki, kana kwamba ni yeye atakayejua pa kukiweka.

*

Gari lilirudi nyumbani kwa miguu yake, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, kibao cha paa kimevunjika pembe. Njia nzima baba hakuzungumzia jambo lile. Kila njia panda alisema taratibu, na kila aliposema aliinamisha kichwa. Safari hii Chachu aliyafuata yale macho mpaka yalikokuwa yanakwenda. Hayakwenda kwenye miguu ya dereva, kama alivyodhani miaka yote. Yalikwenda kwenye kiatu cha baba mwenyewe, kiatu cheusi chenye kamba za njano.

Kamba zile alizicheka zilipoanza. Alisema mzee anataka kurudi ujanani. Sasa, mikono kwenye usukani, hakuona cha kucheka.

Sebule yao ilikuwa na wenyewe wawili. Nusu ilikuwa ofisi ya shule, na ubao wa alama za barabarani ukutani. Nusu ilikuwa ya mama, fundi cherehani, na vitambaa vyake na mashine yake na pini zake. Pini zile zilikuwa ugomvi wa ndoa. Zamani haikupita wiki bila baba kukanyaga moja na kupiga ukelele kwamba ameoa nungunungu. Chachu alisimama mlangoni akakumbuka kwamba ukelele ule hajausikia muda mrefu sana. Alikuwa akidhani mama amejifunza kufagia. Akatazama sakafu. Pini zilikuwa zinang'aa kila mahali kama kawaida.

Mama alishtuka, akamshukuru Mungu, akauliza nani kaumia, akaleta beseni. Baba aliketi, akabadili viatu kwa ndara, akaweka mguu mtupu juu ya kigoda, akaanza kueleza: kokoto zilimwagwa upya, mwandalizi hakusema, na binti huyu naye kasikia makofi akapandisha kichwa. Mama aliosha mkwaruzo akiitikia. Kwenye mkono wake kulikuwa na kile kimto kidogo anachochomeka pini. Chachu alikaa chini karibu nao, kama anayetaka kusaidia. Akachomoa pini moja kwenye kimto, akashika kisigino cha baba yake, akaisukuma ndani.

Alisukuma taratibu, kama alivyofundishwa kufanya mambo yote. Pini ikaingia mpaka kichwani.

"Na wale watu," baba aliendelea kusema, "nani aliwaruhusu kukaa konani? Hata mtoto anajua hapakaliwi konani."

Mkono wa mama ulisimama ndani ya beseni. Chachu aliinua macho kwake akitegemea kukuta mshtuko kama wake, akakuta aibu. Kwamba mguu wa baba umekufa alikuwa ameanza kuzoea kulifikiria tangu barabarani. Kwamba mama anajua, hilo hakuwa amelikaribia.

"Tangu lini, Mama?"

Baba alifuata macho ya mkewe, yakamfikisha kwenye kisigino chake, akaiona pini. Hakuruka. Aliinama, akaichomoa, akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha mwenzake.

"Nani kaniwekea hii?"

"Mimi."

"Unamchoma mzazi wako?"

"Nimekuchoma, Baba," Chachu alisema, "na ukaendelea na hadithi."

Kilichofuata mama ndiye aliyekisema, kwa sauti ndogo, akikamua kitambaa ambacho kilishakauka. Ni sukari. Ganzi ilianza kwenye vidole, ikapanda. Daktari alimkataza kazi ile, na baba akatoka pale akaenda moja kwa moja kufundisha. Yeye mama alilia, kisha akaona kulia hakusaidii, akanunua kamba za njano. Kule chini miguuni kuna giza, alisema. Kamba nyeusi hazionekani.

"Mficha maradhi, Mama, kilio humfichua."

"Najua," mama alisema. "Ndiyo maana nikatafuta rangi inayowaka."

Chachu alimtazama mama yake, mwanamke ambaye hawezi kumkabidhi mteja gauni lenye uzi mmoja unaoning'inia, akashindwa kumwelewa. Akamgeukia baba. Baba alieleza kwamba wanafunzi wake wanakwenda mwendo wa kobe, na yeye akiutazama mguu unafika, haujawahi kukosa.

"Na leo?"

"Leo kulikuwa na vumbi."

"Jumatatu anakuja mama wa duka la vifungo," Chachu alisema. "Na mtoto wake nyuma. Mvua ikinyesha je? Jua likikupiga machoni? Mtu akikuita jina ukageuka?"

"Yule ni mwanafunzi wangu, nitammalizia mafunzo mimi," baba alisema, akainuka. "Wewe umeshaharibu jina la shule kiasi cha kutosha."

Alisema hivyo mbele yake, akijua kwamba anajua. Hilo ndilo lililomuuma Chachu kuliko hata yale ya machimboni. Baba akaenda zake chumbani, ndara moja mguuni. Nyingine ilibaki kwenye mkeka, na hakurudi kuifuata.

Mama aliiokota, akaifuta, akaiweka vizuri kando ya mlango. Kisha akamwomba binti yake jambo moja tu: asimvue baba yake nguo mtaani. Amwache aache mwenyewe, kwa heshima, pole pole. Chachu akamuuliza, na kama kabla hajaacha amemuua mtu? Mama aliketi kwenye mashine, akaweka kitambaa chini ya sindano, wala hakushona.

*

Jumatatu, kabla maduka hayajafunguliwa, mama wa duka la vifungo alifika na mtoto wake wa kike, bado hajaanza kutembea, kamfunga mgongoni. Hana wa kumwachia, kwa hiyo siku zote mtoto husomea udereva kwenye kiti cha nyuma, amefungwa mkanda na kuzungushiwa mito ya mama yake Chachu. Mtihani wa mama huyo ulikuwa wiki ile ile. Alilizunguka gari, akagusa mlango uliobonyea, akaona kibao kilichofungwa kwa kitambaa cha maua.

Chachu alikuwa amesimama karibu na boneti, ufunguo mkononi. Usiku wake aliumaliza akiuliza dari atasema nini, na dari haikumjibu. Alijua neno moja tu: gari halitatoka baba akiwa kwenye kile kiti. Namna ya kulisema bila kumvua baba nguo hakuijua.

"Nimesikia yaliyotokea," mama wa vifungo alisema, si kwake bali kwa baba, aliyekuwa anatoka ndani na kamba zake za njano. "Nikuambie ukweli, Mwalimu, nimetaka kuhamia kule kwingine. Binti yako karibu aue watu. Nimekuja kwa ajili yako tu. Huyu asikaribie gari nikiwa ndani na mwanangu. Huo mguu wako ndio ninaouamini."

Mama yake Chachu alikuwa amejitokeza mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, akasimama hapo hapo. Mama wa vifungo alimfungua mtoto mgongoni, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kumpanga kwenye mito. Mtoto alikuwa na ndara moja ya kuchezea mdomoni.

Baba alifungua mlango wa kiti chake. Akaingiza mguu mmoja. Chachu aliuona mguu ule ukielea, ukitafuta, na macho ya baba yakiufuata mpaka ukatua.

"Baba," alisema.

Mzee alikaa vile, nusu ndani nusu nje. Kisha akainama, akafungua zile kamba, akavua kiatu, akavua na soksi. Mama wa vifungo alitabasamu, akidhani ni kokoto imeingia.

"Mama," baba alimwambia, "unaweza kunipa pini moja?" Alikuwa anasema na mkewe. Mkewe hakusogea. Baba akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Akamgeukia mwanafunzi wake. "Basi nikuambie kwa mdomo. Mguu unaouamini umekufa. Siusikii. Sikuusikia Jumamosi, na ndiyo maana gari likalala. Binti alisema sasa, mimi nikakanyaga sakafu. Halafu nikamsingizia."

Mama wa vifungo alisimama na mkanda wa mtoto mkononi. Alimtazama mwalimu, akautazama mguu, mguu wa kawaida kabisa wa mzee, na kitone kikavu cheusi kisiginoni. Ndipo alipoanza kuhesabu moyoni barabara zote alizopita na mwanawe nyuma: ule mteremko wa sokoni, lile lori la mchanga, ile siku ya mvua alipokanyaga mafuta badala ya breki na kila kitu kikaenda salama. Alimnyanyua mtoto akamkumbatia kifuani kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

"Umekaa na sisi hivi hivi," alisema. "Muda wote huu."

"Nimekaa na ninyi hivi hivi."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alienda mpaka kona ya nyumba na mtoto wake, na Chachu akajua ndiyo mwisho, si wa mwanafunzi mmoja tu, maana duka la vifungo hupitiwa na kila mwanamke mjini. Mama mlangoni alishika tepu yake kama mtu anayeshika reli ya ngazi. Lakini pale konani mama wa vifungo alisimama. Alibaki amewapa mgongo, akimbembeleza mtoto. Halafu akarudi, akasimama mbele ya Chachu, akamtazama miguuni.

"Na wako?"

"Wangu uko hai."

"Mtihani wangu ni Alhamisi," alisema mama wa vifungo, kwa ukali, kana kwamba hilo nalo ni kosa lao.

Baba alijiinua kwenye kiti. Alichukua kiatu chake mkononi, akalizunguka gari akiwa ameegemea boneti, akafungua mlango wa nyuma. Aliomba apewe mtoto. Mama wa vifungo akampanga mtoto kwenye mito yeye mwenyewe, akamfunga mkanda kwa mikono yake, akaujaribu mara mbili. Mzee akaketi pembeni yake kama abiria. Chachu akaingia kwenye kiti ambacho tangu azaliwe hakuwahi kumwona mtu mwingine amekikalia. Kilikuwa kimebonyea umbo la baba.

"Taratibu," ilisema sauti nyuma yao, na mama wa vifungo akawasha gari.

Kwenye njia panda ya kwanza mwanafunzi alichelewa. Chachu akakanyaga, gari likasimama kwa adabu, mwenye baiskeli akapita. Gari lilikuwa limeshatulia kabisa, ndipo nyuma ya kiti chake uliposikika mguu wa baba ukipiga sakafu.

Ikawa hivyo mpaka mwisho wa somo. Kila njia panda pedali kwanza, halafu ule mshindo. Mama wa vifungo mara ya kwanza alishtuka, mara zilizofuata akauma mdomo. Chachu alitazama kwenye kioo. Baba alikuwa anamchezea mtoto kwa kidole, na mtoto anacheka, na mguu mtupu unakanyaga. Hakuangalia chini hata mara moja.